Nguzo ya Kushoto

Jumapili, 12 Januari 2025

Imechipua!

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana leo akili haijatulia. Nimetia chumvi kwenye chai. Nimeinywa yote.

Asubuhi nimetoka misa na Monika. Monika ni jirani yangu na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Yosefu. Huongea siku zote kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Tumefika getini kwangu, mimi natafuta ufunguo kwenye pochi, yeye ameinama kufunga kiatu. Mara kimya. Monika kukaa kimya ni jambo la kuandika. Nikamwuliza kama amechomwa na mwiba. Akanyoosha kidole. Nguzo ya kushoto, chini kabisa, karibu na udongo. Kitu cha kijani, ukubwa wa punje ya hindi.

Nikasema ni jani limenata kwa mvua. Nikalifuta kwa kidole gumba. Halikufutika.

Monika akapiga kigelegele. Pale pale barabarani! Watu wanatoka misa, wanageuka, mimi nimeshika ufunguo kama mwizi.

Sasa sababu. Sikuiandika ilipotokea kwa kuwa niliona ni mzaha uliokwisha. Sikukuu ya Familia Takatifu, mwishoni mwa Desemba, jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala na chai, Baltazari wa mashine ya kusaga, baba yake Vitus, akasimama. Huyu mwanaume ana unga kwenye nyusi hata akivaa suti. Mke wake alifariki zamani, kama mume wangu Adolfu. Akasema hana maneno mengi — kweli hakuwa nayo — ila angependa mimi na yeye tuzeekee nyumba moja. Mbele ya watu wote! Vikombe vikasimama hewani. Mimi mwili mzima moto, natafuta pa kutokea, macho yakaangukia dirishani, kwenye geti. Nikasema: "Baba Vitus, siku nguzo ile ikichipua, ndiyo siku nitakayokubali."

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. Yeye pia alicheka. Nikajipongeza. Nimekataa bila kumwumiza mtu, nikasema moyoni. Kidato cha nne hakikwenda bure.

Nguzo! Mti uliokatwa kwa shoka, ukakokotwa, ukachimbiwa. Nani aliuambia bado uko hai?

Jumanne, 14 Januari

Viwili sasa. Cha pili kimetoka upande wa barabara, ili kila mpita njia akione vizuri.

Nimevipima kwa futi yangu ya kushonea, nikijifanya naokota vifungo. Bado havina urefu wa kuandika. Ila kuna jambo la ajabu. Vimetoka vikielekea chini, kama vinataka kuingia ardhini, kisha vimejikunja vikaelekea juu. Kama mtu aliyeamka kichwa kikiwa miguuni mwa kitanda, akatafuta kwanza mlango uko wapi. Mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha kwamba mmea hujua juu ni wapi. Huu umejua kwa kuchelewa.

Kabula amepita na ng'ombe wao. Ni mke wa jirani yangu wa chini, Wasukuma, walihamia hapa Chala miaka michache iliyopita. Mume wake ndiye aliyeangusha mkuyu ule kando ya kijito, tukapata nguzo zote mbili. Akanisalimia shikamoo, akanikuta nimepiga magoti. Nikamwonyesha. Hakushangaa hata kidogo! Akasema huko kwao Geita zizi zima lilichipua, ng'ombe wakala majani, na hakuna aliyeolewa.

Nani kamwambia habari za kuolewa? Mimi sikusema neno. Chala nzima inajua.

Alhamisi, 16 Januari

Wateja wamejaa leo. Hakuna aliyeleta kazi ya maana. Mmoja kaleta shati la mume wake lililopungukiwa kifungo kimoja, na kifungo chenyewe hakuja nacho. Wote husimama getini kwanza. Mama mmoja kaisalimia nguzo shikamoo, Monika akaitikia marahaba kwa niaba yake.

Halafu wakakaa barazani wakaanza kunishughulikia. Monika akasema sanamu ya Yosefu, somo wa jumuiya yetu, imeshika nini? Fimbo yenye maua. "Yosefu mwenyewe alichaguliwa hivyo hivyo. Fimbo ilichanua, ndoa ikapita. Wewe nani?" Nikamwambia Yosefu hakuwa na mashine ya kusaga.

Ikabidi nisimame na chaki ya kushonea mkononi niwape somo. Mti uliokatwa una maji na chakula ndani yake. Unaweza kutoa majani kwa akiba hiyo, kama mgeni anayekula unga wa mwenyeji mpaka debe likauke, kisha anaaga. Bila mizizi, machipukizi haya yatanyauka kabla ya Kwaresima. Kwa hiyo bila mizizi haihesabiki! Monika akasema nabadilisha sheria mpira ukiwa uwanjani. Nikasema ni ufafanuzi tu. Akasema haya, mizizi basi, mashahidi tupo. Wote wakanyoosha mikono kuunga mkono.

Nimeshinda. Mbona nimerudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia begani kushoto?

Jumapili, 19 Januari

Baltazari amekuja. Hakupita getini. Alizunguka nyuma, katikati ya mahindi, akatokea jikoni ameloa umande hadi magotini. Ameleta suruali ipunguzwe. Suruali hii niliipunguza Oktoba, nikaipunguza tena Novemba. Nikamwambia, Baba Vitus, nikiikata tena itakuwa kaptula. Akafikiri. Akasema basi irefushwe.

Ndipo akasema alichokuja kusema, akiitazama sufuria. Kwamba maneno yale ya Desemba yalikuwa utani, kila mtu anajua. Kwamba yeye hawezi kumbana mtu kwa sababu ya mti. Kwamba niko huru. Kwamba Monika akiimba tena nyimbo za harusi pale mashineni atamsagia unga na pumba zake.

Nikasema asante sana, Baba Vitus. Kwa heshima zote. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

Nimekasirika mpaka sasa. Huru! Nani kamwomba anifungue? Miaka sita niko huru. Nalala kitanda kizima, mshazari. Redio naifungua kwa sauti ninayotaka. Nakula viazi na maziwa siku tatu mfululizo na hakuna wa kuuliza mboga iko wapi. Ruhusa ya nini tena?

Maji ya kuoshea vyombo nimeyamwaga getini, miguuni mwa nguzo, upande wa jikoni. Lazima yamwagwe mahali.

Jumatano, 22 Januari

MBUZI!

Wa Kabula, yule mweusi mwenye pembe moja. Nilikuwa namalizia sketi ya shule nikasikia kutafuna. Naijua sauti ya mbuzi anayekula majani ya njiani, na naijua ya mbuzi anayekula kisichomhusu. Nimetoka mbio, mkasi mkononi, futi shingoni, kiatu kimoja. Nimepiga kelele ambazo maneno yake siyakumbuki. Monika anayakumbuka, na ameshayasambaza: eti nilisema "Mwache mume wa watu!" Mwongo. Siwezi kuwa nilisema hivyo. Sidhani.

Nimemkimbiza mbuzi hadi kisimani. Kabula alitoka kumpokea, akacheka mpaka akakaa kwenye tope. "Pole, Mama Evodia, nitamfunga kamba. Lakini kwa mbio hizi mahari yako inabidi iongezwe ng'ombe."

Nikarudi kuangalia. Kichipukizi kikubwa kimeliwa hadi kwenye gome, utomvu mweupe unatiririka. Kimebaki kile cha upande wa barabara. Nimelia kidogo. Ni vitunguu, nilikuwa nakata vitunguu.

Hapana. Hakukuwa na vitunguu. Naandika peke yangu humu, namdanganya nani?

Nimezungushia miiba.

Jumamosi, 25 Januari

Mvua imenyesha mpaka alfajiri, kisha ukungu ukalala barazani kama blanketi lililodondoka. Nimeenda kukagua miiba. Kilichobaki kizima, kimefungua jani. Na pale palipoliwa, kandokando ya jeraha, vimetoka vingine vitatu! Mbuzi amepunguza, nguzo imeongeza.

Nikainuka kunyoosha mgongo. Ndipo nikaona juu.

Lazima nieleze juu. Sisi huku nguzo hatuichimbii hivi hivi. Upande mnene unaoingia ardhini unachomwa kwanza motoni mpaka uwe mweusi, mchwa wasiutake. Novemba, upepo ulipoangusha geti alilotengeneza marehemu Adolfu, majirani walikuja kunisaidia, nikawapikia pombe ya ulezi. Wakachoma nguzo mbili, wakazisimamisha. Ya kulia iko sawa, weusi uko chini. Ya kushoto waliigeuza! Upande uliochomwa uko juu, mweusi kama kofia ya padri, na upande mbichi ndio uliozikwa. Tangu siku ile tunaiita Kofia na tunailaumu pombe.

Sasa leo, chini kidogo ya kofia hiyo, zimetoka nyuzi. Nyekundu, ncha nyeupe, laini, zinaning'inia hewani kama nyuzi za pindo ambalo halijakatwa vizuri. Nikazigusa. Mizizi! Juu! Machipukizi yako miguuni na mizizi iko kichwani. Mti haujui kuwa umegeuzwa, unaendelea na ratiba yake ya zamani.

Nimemwita Monika. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema kwa sauti ndogo (kumbe anayo): "Mama Evodia, ile haikuwa pombe."

Akanisimulia. Nguzo ya kushoto aliishika Baltazari, na Baltazari alikuwa bado hajaonja hata kikombe. Mimi nilikuwa napita na mtungi kichwani, nimevaa gauni la bluu. Akaigeuza nguzo huku shingo yake inanifuata, akaitumbukiza shimoni kichwa chini. Wote waliona. Wote wakanyamaza, wakashindilia udongo.

Nikauliza mbona hamkuniambia?

"Ungesema tuing'oe tuisimamishe vizuri."

Ni kweli, ningesema. Ningesimamia mwenyewe. Weusi ungeingia ardhini, na nguzo ingekuwa imekauka kama mwenzake wa kulia, geti langu lingekuwa limenyooka na mimi ningekuwa nakunywa chai yenye sukari.

Nimekaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka jogoo akaja kuangalia kuna nini.

Jumatatu, 27 Januari

Barazani tena. Je, mzizi wa hewani unahesabika? Monika: mzizi ni mzizi. Mke wa katekista: hapana, lazima uwe kwenye udongo, vinginevyo ni mapambo. Wakageukia kwangu kama mtaalamu. Nikasema mzizi wa hewani ni mzizi halali kabisa, hata hindi linao, angalieni shina pale juu ya tuta, ile miguu miguu inayotoka nje ni nini?

Wakaangaliana. Monika akauma upande wa khanga asicheke.

Hivi mimi niko upande gani? Mwisho wake tumekubaliana na mke wa katekista: udongoni. Lakini chini ya udongo haoni mtu, na kuichimba ni kuiua. Kwa hiyo hakuna anayejua na hakuna atakayejua. Salama kabisa. Nimefurahi sana kwa usalama huo, nimefurahi mpaka sikupika.

Ijumaa, 31 Januari

Evodia amepiga simu kutoka Namanyere. Mwanangu huyu mmoja, yuko halmashauri pale, na akiwa na jambo jema huanza kwa kukohoa. Amekohoa. Kisha: "Mama, nina zawadi."

Geti la chuma! Amelitengenezesha Majengo, Sumbawanga. Lina maua ya kukunjwa na herufi F katikati, F ya Fortunata. Fundi, Loth jina lake, atalileta mwenyewe, atang'oa yale magogo, atasimamisha nguzo za chuma kwa saruji. Amelifikiria tangu mwaka jana. Anasema akija na wenzake wa kazini anaona aibu, mama yake anashonea wilaya nzima nguo nzuri halafu geti lake linaegemea kama mlevi.

Nikasema asante, mwanangu. Nikasema lakini si lazima. Akasema mama umezoea kujinyima. Nikasema la miti halina ubaya. Akasema lina kofia, mama.

Nikaaga. Nitaanzaje? Kwamba mama yako, mtu mzima wa miaka hamsini, anasubiri gogo limpe ruhusa?

Nimeliandika. Sasa nimelisoma. Anasubiri.

Alhamisi, 6 Februari

Amepita getini! Kwa mbele!

Nilimtumia ujumbe: suruali tayari. Maneno mawili, hakuna mtu anayeweza kusema niliandika barua. Akaja mchana, akasimama mbele ya nguzo, akavua kofia yake. Unga ukamwagika mabegani. Akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Majani ya chini sasa yanafika upana wa kiganja cha mtoto.

Nikajikaza. Nikamwuliza: siku ile unaisimamisha, ulikuwa unaangalia nini?

Bodaboda ikapita kwenda sokoni. Ikarudi na abiria.

"Gauni la bluu," akasema.

Mimi nikaanza kukung'uta suruali yake ambayo haikuwa na vumbi.

Akaligusa jani kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa shavu la mtoto mchanga ambaye si wake. Akasema: "Kumbe nilikosea vizuri, Fortunata."

Fortunata! Kwa Chala mimi ni Mama Evodia. Kwa wateja mimi ni Fundi. Jina langu lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ubatizo na kwenye geti linalokuja. Nimelisikia nikageuka kuangalia anaitwa nani.

Ndipo nikamweleza habari za geti. Ilibidi. Akavaa kofia taratibu. Akasema kwa Kifipa, polepole, kwamba mtoto akimjengea mama yake geti, mama hawezi kusema liondoke. Na ni kweli! Hilo ndilo linaloniudhi, ni kweli. Akaaga akaenda. Suruali kaisahau.

Nimeikunja. Nimeikunjua. Nimeikunja tena.

Jumanne, 11 Februari

Ni Jumamosi hii. Evodia atakuja na basi la kwanza kutoka Namanyere, Loth atatoka Sumbawanga na geti. Nikasema: "Evodia, kuhusu ile nguzo ya kushoto..." Mtandao ukakatika.

Si mtandao. Nilikata mimi.

Na mvua nayo imesimama tangu Ijumaa! Jua kali, upepo wa kukausha. Ile mizizi ya juu imesinyaa, ncha zimekuwa kahawia. Kama kulikuwa na tumaini lolote hewani, limeisha, na mke wa katekista alikuwa sahihi. Majani bado. Yamelegea mchana, yanainuka jioni. Yanakunywa wapi? Kwa akiba ya ndani, au...?

Nimeosha vyombo vyote. Kisha nimeosha vilivyokuwa kabatini, safi, vya wageni. Maji lazima yamwagwe mahali.

Monika kauliza alete mabenchi ya kanisa la kigango Jumamosi watu wakae vizuri. Nikamwambia usithubutu. Akasema ameshayaazima.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika upesi. Niko kitandani, nimekaa, wote wako nje.

Evodia amefika, amependeza, kaona mabenchi barabarani na wanawake wamevaa sare ya jumuiya, akashuka kwenye bodaboda rangi imempotea: "Mama, kuna msiba?" Monika akamweleza. Yote, tangu Familia Takatifu, kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, na mbuzi hakumwacha. Mwanangu akasikiliza mpaka mwisho. Akanitazama. Mimi nikatazama geti. Zuri jamani! F imekunjwa kama mkia wa jogoo.

"Mama, ni kweli?"

Nikasema ni utani wa jumuiya.

"Basi fundi aanze," akasema. Lakini hakuondoa macho usoni kwangu, kama anasoma mita ya maji.

Loth akaanza na ya kulia. Akaisukuma kwa bega tu, ikalala chini kama jino la maziwa. Kavu. Chini nyeusi, safi, mchwa hawakuigusa. Watu wakapiga makofi.

Akaja ya kushoto. Bega. Haikutikisika. Akatumia mtaimbo. Akaning'inia kwenye mtaimbo, miguu yote hewani. Haikutikisika! Wanawake wakaanza kuinuka kwenye mabenchi mmoja mmoja. Akachukua sururu, akachimba kando, kisha akaacha sururu akapiga magoti akafukua kwa mikono. Akasema: "Mama mwenye nyumba, hebu njoo uone."

Nimeona. Mizizi. Mingi, mipya, myeupe, imeshika udongo kama vidole vilivyoshika mkono wa mtu sokoni. Na yote imeelekea upande mmoja, upande wa jikoni.

Loth akauliza: nani amekuwa akiumwagilia mti huu?

Wote wananiangalia. Kabula akasema mbuzi wake hahusiki.

Hapo vigelegele! Monika alitupa khanga juu ikanasa kwenye geti jipya. Mke wa katekista mwenyewe alisema udongoni, haya, udongoni! Baltazari alikuwa nyuma kabisa ya mabenchi, mikono mgongoni, nyusi nyeupe, anatazama viatu vyake. Evodia akanyoosha mkono wakanyamaza. "Mama bado hajasema chochote," akasema. "Jamani, mwacheni mama aseme."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu! Mimi, niliyewafundisha Biolojia na chaki mkononi.

Loth anatokwa jasho, ana safari ya kurudi. Akasema geti linaweza kukaa hapa hapa, ila mizizi hii aikate kwanza. Au alisogeze geti upande wa pili, nafasi ipo, mwenye nyumba aamue. Lakini kama ni kukata, anaomba panga.

"Ngoja nikalilete," nikasema.

Ndipo nilipo sasa. Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Sasa liko chini ya godoro na mimi nimelikalia. Nimevaa gauni la bluu. Linanibana kwapani, litahitaji kufumuliwa kidogo pande zote mbili, kazi ya nusu saa.

Nawasikia wote. Loth anauliza kama panga limeenda kufuliwa kwa mhunzi. Evodia anaita: "Mama! Umeliona?" Namjua mwanangu. Anacheka, amejiziba mdomo, lakini anacheka. Nimejibu bado natafuta.

Monika anauliza basi nani ana shoka. Baltazari anasema yeye analo, nyumbani, tena kali. "Sasa si ukalilete, Baba Vitus!" Wanamwuliza tena. Anasema mguu unamwuma.

Mguu! Juzi tu alikuwa anabeba magunia ya watu mgongoni!

Na mimi ninalo shoka. Lipo jikoni, kando ya jiko, mtu akiingia tu analiona. Kabula anasema ngoja niingie nimsaidie mama kutafuta. Nasikia ndala zake barazani. Nikipitia mlango wa ndani nitamtangulia. Chini ya godoro nafasi bado ipo —